Sahani Iliyorudi Tupu

Mwanamke akivua viatu mbele ya mwanaume asiye mume wake, majirani huuliza. Akishuka naye ndani ya shimo, hawaulizi tena. Wanatafuta viti wakae watazame.

Généreuse alilijua hilo. Ndiyo maana alitazama kwanza juu ya ukuta wa mawe, upande wa majirani, kisha upande wa mlango wa jikoni, kisha akavua. Miguu yake ilikuwa bado mizuri. Hilo nalo alilijua.

"Shuka polepole, Mama Élodie," Havugimana alisema kutoka chini, suruali imekunjwa hadi magotini. "Iko nateleza."

"Niite Mama Élodie tena, uone kama nitashuka."

"Basi shuka polepole, Géné."

Akashuka.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, huko Lac Vert, pembezoni mwa Goma, katikati ya mawe meusi ya volkano. Refu kama kitanda cha watu wawili, kina chake hadi kiunoni. Wavunja mawe walilichimba kwa nyundo na vyuma mpaka mikono ikaota malengelenge. Mara ya kwanza Généreuse alimwagisha saruji. Lakini ardhi ya Goma unaijua, haikai kimya. Ilitikisika kidogo tu, kama mtu anayegeuka kitandani, saruji ikapasuka, na maji yote ya mvua yakaondoka bila kuaga. Mawe yale yana kiu. Yanakunywa kuliko wanaume wa mtaa wa Birere siku ya mshahara.

Majirani walicheka. "Sisi tunapanga bidoni za maji kwenye bomba tangu alfajiri," walisema, "na Mama Élodie anachimba pa kumwagia!" Hata binti yake Élodie mwenyewe alipiga simu toka Kinshasa: "Mama, étang ya nini, bwawa juu ya mawe? Unataka kufuga mamba?"

Hakutaka mamba. Alitaka vyura. Alikuwa mjane mwenye duka la vitenge, wajukuu wako mbali, na jioni nyumba ilinyamaza mno. Kwao, kwenye vilima vya Bukavu, baba yake, Muzee Cirimwami, alikuwa na bwawa la samaki alilolichimba kwa mkono wake, na utoto wote wa Généreuse vyura walimwimbia mpaka akasinzia. Mtu akizeeka hatamani makubwa. Anatamani kelele za kwao.

Basi Havugimana, aliyemwona tena dukani baada ya miaka karibu arobaini, alipoisikia habari ya saruji, alisema tu, "Kwetu Rutshuru ng'ombe tulimutengenezea kibumbiro, beseni ya udongo ya kunywea. Udongo ukikanyagwa muzuri, hauachi hata tone. Nikuletee?" Akauleta, udongo wa kunata, mwekundu, juu ya gari lililobeba ndizi. Mtu mwingine angeleta maua. Maua yangekuwa yamenyauka.

Sasa walikuwa wanaukanyaga. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Udongo ulitoa sauti za aibu chini ya miguu yao, na kila mmoja alijifanya hasikii. Généreuse alipoteleza, Havugimana alimshika mkono. Alipoacha kuteleza hakuuachia.

"Wanakanyaga udongo ao wanacheza?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Cibalonza, dada mkubwa wa Généreuse, kutoka kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jikoni. Alikuwa na rozari mkononi na mwavuli magotini, na alikuwa anaongea na kuku, au alionekana hivyo.

"Tunakanyaga, yaya," Généreuse alimjibu dada yake.

"Na mikono? Udongo siku hizi unakanyagwa na mikono?"

"Ni ju ya kuteleza, mukubwa," Havugimana alisema, akavua kofia kwa heshima.

"Hmm. Hata Adamu alisema ni ju ya nyoka."

Généreuse alicheka chinichini, lakini jicho halikumtoka dada yake. Cibalonza alikuwa amepanda meli toka Bukavu kwa neno moja tu: kumwangalia mwanaume huyu. Wazazi walikuwa wamekwenda, kaka zao wamekwenda. Katika ukoo mzima aliyebaki wa kupokea maneno ya posa ni yeye, na kesho asubuhi meli ilikuwa inamrudisha. Havugimana alitaka kuomba leo. Na Généreuse alikuwa amejiapia: yaya akikataa, basi. Si kwa woga. Aliolewa mara ya kwanza kwa baraka za nyumba nzima, na hakuwa tayari, katika uzee, kuingia kwa mtu kupitia dirishani.

"Unakumbuka lile jiwe kando ya étang ya papa, kule kwetu Bukavu?" Généreuse alimuuliza Havugimana kwa sauti ya chini.

"Naliota mpaka leo. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, nikitoka internat, bweni letu la shule, nakuja na ile shati yangu moja."

"Ulikuwa unaogopa vyura."

"Sikuwa naogopa. Nilikuwa nawaheshimu."

"Ulipanda juu ya jiwe, Havu! Ulinyanyua suruali kama mama anayevuka muto!"

"Nilipanda nipate kukuona muzuri," alisema. Uso wake wenye mikunjo ukawa, kwa muda wa kupepesa jicho, uso wa kijana wa internat. Généreuse akatazama pembeni. Kuna macho ambayo mwanamke mwenye wajukuu hapaswi kuyatazama mchana.

Udongo ukaendelea kulalamika chini yao, na yeye akarudi mawazoni kwenye siku ile. Siku ya posa.

Wazee wa Havugimana walikuja toka Rutshuru, wanne, na fimbo zao na makoti yao. Muzee Cirimwami alifurahi mpaka akaingia mwenyewe ndani ya bwawa, akatoa tilapia wakubwa, wale ambao hata padri alikuwa hajaonjeshwa. Kila mgeni na sahani yake, kila sahani na samaki mzima. Heshima kuliko hiyo hakuijua. Lakini wale walikuwa wazee wa ng'ombe, wazee wa zamani. Kwao samaki hakuwa chakula. Alikuwa kitu cha majini tu, ndugu ya nyoka. Mtu wa maziwa hakumgusa. Waliweka mikono juu ya fimbo zao, wakatazama ukuta. Wenyeji wakasema moyoni: wanatudharau. Wageni wakasema moyoni: tumekuja kuomba binti, wanatupa nyoka. Hakuna aliyefungua kinywa kuuliza. Watu wazima wana aibu ya ajabu. Wataacha watoto wao walie miaka, lakini hawatauliza mbona huli.

Sahani zikarudi jikoni zimejaa. Zote isipokuwa moja.

Généreuse aliiona kwa macho yake, ile yenye maua ya buluu, iliyowekwa mbele ya Havugimana. Tupu. Hata mwiba haukubaki. Alikula mpaka mifupa, alijiambia. Mbele ya baba yake, mbele ya wajomba zake, alikula kwa ajili yangu.

Posa ilivunjika. Généreuse akaolewa na Papa Élodie, mtu mwema, Mungu amlaze pema. Lakini Papa Élodie alikula samaki taratibu, akipanga miba ukingoni mwa sahani kama askari, na kila alipoiona ile miba, Mungu amsamehe na yeye, mkewe alikumbuka sahani isiyokuwa na mwiba. Siku za shida aliitoa moyoni, akaifuta vumbi, akaitazama, akairudisha.

"Munawe miguu!" Cibalonza alipaza sauti. "Chakula iko tayari. Na ile kona ya karibu na jikoni hamujaikanyaga, niko naona toka hapa."

"Tutaimaliza nyuma ya kula, mukubwa," Havugimana alisema.

Kilichokuwa tayari kilikuwa tilapia. Lilikuwa wazo la Cibalonza. Asubuhi alimtuma Généreuse kwa wamama wa samaki, akakaa karibu na jiko wakati wa kupika, akamwacha akatekate vitunguu na nyanya, lakini mkono wa mdogo wake ulipokwenda kwenye chumvi aliudaka. "Chumvi nitatia mimi." Alikuwa hivyo tangu zamani. Généreuse alidhani ni ukubwa tu.

Walikaa. Bugali ulitoa mvuke. Cibalonza alichagua samaki mkubwa kuliko wote, akamweka mbele ya mgeni, kichwa kimeelekea kwake.

"Karibu, papa. Sisi hatuna ng'ombe. Tuko na huyu."

Havugimana alimtazama samaki. Samaki naye alimtazama Havugimana. Généreuse alitulia kabisa, hata hakuogopa. Alikuwa na sahani yake moyoni, ushahidi wake wa zamani. Huyu alikwisha kula mbele ya wakubwa kuliko yaya.

Havugimana akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Akang'oa kipande pale mgongoni, penye miba, akatia mdomoni na miba yake yote, akakunja uso tayari kwa maumivu. Akatafuna. Akafungua jicho moja. Kisha la pili.

"Eh," alisema kwa mshangao. "Mumesahau chumvi?"

"Chumvi iko," Cibalonza alisema.

"Hapana, mukubwa. Ile ya samaki. Ile ambayo inaua ulimi. Ile ingine ya zamani ilikuwa..." Akaanza kukohoa. Mwiba.

Cibalonza alimpiga mgongo bila huruma, akambumbia tonge kubwa la bugali. "Meza! Usitafune, meza! Itashuka nayo." Mwiba ukashuka. Machozi yakabaki.

Généreuse hakusogea. Alikuwa anaangalia vidole vya Havugimana, vile vidole vilivyojua kukamua ng'ombe na kufunga kamba, jinsi vilivyokaa juu ya samaki kama vya mtu anayeshika simu ya mwenzake. Mtu aliyewahi kula samaki mzima, na mifupa, hashiki hivyo.

"Havu," alisema. "Ule samaki wa kwetu. Ulimukula?"

Kuku akapita chini ya meza.

"Nilimukula... kidogo."

"Kidogo? Sahani ilirudi tupu!"

"Nilimukulia Rutshuru."

"Rutshuru!" Cibalonza akaweka tonge chini. "Samaki alifika Rutshuru namna gani? Aliogelea?"

Havugimana alivua kofia, ingawa alikwisha kuivua. Mkono ulikuta upara. "Alikwenda ndani ya koti."

"Koti ya nani?"

"Ya muzee wangu. Siku ile alinivalisha koti yake nikae kama bwana arusi. Niliona papa yenu ananiangalia, niliona wazee wetu wananiangalia. Kula siwezi, kuacha siwezi. Basi nikamuweka mufukoni. Nilitaka kumutoa kwenye meli, nimutupe ziwani. Lakini baridi ikapiga, na muzee akasema: rudisha koti yangu."

"Akaivaa?"

"Akaivaa mpaka Goma. Akaivaa mpaka Rutshuru. Njia yote alikuwa nasema: hawa watu wa Bukavu, hata ukiwaacha mbali, harufu yao inakufuata."

Cibalonza akafungua mdomo. Alicheka kicheko kilichomwinamisha mpaka rozari ikaingia kwenye mchuzi, akapiga meza, akapiga goti la Havugimana, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Yesu na Maria! Muzee aliyekataa samaki amembeba samaki nchi nzima!"

"Yaya, haichekeshi," Généreuse alisema.

"Inachekesha, mudogo wangu, na inanitoa jiwe kifuani. Sikia. Siku ile nilionja zile sahani zilizorudi. Ulikuwa umetia chumvi, ukaangalia barabarani kama anakuja, ukatia tena, ukaangalia tena, ukatia tena. Paka ya kwetu ililamba, ikakaa kando ya étang inakunywa mpaka jioni. Sasa mimi naona sahani moja imerudi tupu, hata mwiba! Na kijana mwenyewe iko pale salon na wageni anacheka muzuri, meno yote inje. Papa alikuwa ameanza kulegea. Alisema, wazee wana kiburi, lakini mutoto amekula, mutoto ni muzuri, tumupe. Ni mimi nilimuambia: papa, usimupe. Mutu anayemeza chumvi ile yote na kucheka, anaweza kuficha kitu chochote. Leo anaficha chumvi, kesho ataficha bibi ya pili. Papa akasema, ni kweli."

Akamgeukia Havugimana, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Kumbe ulikuwa muoga tu, kama watu wengine. Miaka yote nilikuogopa bure."

Généreuse alisimama. Sahani aliyoibeba moyoni, ile aliyoifuta vumbi siku za shida, ndiyo iliyomnyima Havu. Na haikuwa kweli hata. Na samaki wake, samaki wa mapenzi yake, hata paka alishindwa kumla. Akatoka.

Alikaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani. Upande wa mlima Nyiragongo mawingu yalikuwa yamejaa, na radi ikakohoa mara moja, kama muzee anayebisha hodi. Alisikia hatua nyuma yake. Hakugeuka.

"Miaka yote nimekaa na ile sahani," alisema.

"Wewe umekaa na sahani. Mimi nimekaa na chumvi."

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

"Kasirika. Lakini acha nimalize, sikumaliza pale mezani ju dada yako alikuwa anacheka." Akaketi kando yake, si karibu sana, kama mtu anayeomba nafasi kanisani. "Tulifika kwetu. Nikaiba koti. Nikakaa nyuma ya zizi, peke yangu na ng'ombe. Samaki alikuwa amepondeka, amejaa nyuzi za mufuko. Nikajisema: huyu alipikwa na Géné. Sitamutupa. Nikala. Géné, ile chumvi! Nililia, ndama akaja akanilamba uso, akaondoka. Nilifikiri samaki wote njo hivyo. Nilifikiri, njo chakula ya kwao, njo wanakula kila siku, watu wa nguvu wale." Akapangusa udongo kwenye goti. "Nikasema: kama kukaa na Géné ni kula hii mpaka kufa, basi nitakula. Nitazoea. Nikala tena kipande. Kwa kuzoea. Kisha barua ya papa yako ikafika, anasema hapana."

Généreuse alitazama udongo mwekundu, nyayo zake na nyayo za mtu huyu, zimechanganyika hata usijue ya nani ni ipi. Kitu kilichokuwa kimeanguka ndani yake hakikurudi mahali pake. Kikakaa mahali pengine, pazuri zaidi. Sahani ile aliiona tupu mbele ya watu. Lakini kule nyuma ya zizi hakuna aliyemtazama Havu, hata mmoja, ila ndama. Na alikula.

"Kipande cha pili," alisema polepole. "Kwa kuzoea."

"Cha pili na cha tatu. Cha tatu kilirudi."

Généreuse akacheka bila kutaka, na kicheko kikavunjika katikati kikawa machozi, na Havugimana, aliyekuwa amekaa kama mtu wa kanisani, akasogea.

Tone la kwanza likaanguka juu ya mkono wa Généreuse. La pili juu ya upara wa Havugimana.

"Kona!" Havugimana aliruka. "Géné, ile kona! Mvua ikipita pale, itavuta udongo wote ndani ya mawe!"

Wakashuka mbio, kama watu waliosahau umri wao. Havugimana alisukuma udongo kwa koleo, Généreuse akakanyaga. Havugimana alikanyaga, Généreuse akasukuma. Mvua ya Goma haina adabu, haianzi kidogo. Mabati yalianza kupiga kelele, maji yakatiririka toka kwenye mfereji wa paa, na kona ilikuwa bado laini.

"Haitoshi!" Havugimana alisema akihema. "Miguu minne haitoshi."

"Na sita?"

Cibalonza alikuwa amesimama juu yao, mwavuli mkononi, kitenge amekipandisha na kukifunga kiunoni, miguu mitupu, myembamba kama ya korongo.

"Yaya, utaanguka!"

"Nimekanyaga ndizi za pombe ya kasiksi kabla hujazaliwa. Wewe, papa wa koti, nipe mukono. Mifupa yangu haikununuliwa jana."

Havugimana akanyoosha mkono. Cibalonza akautazama, mkono mchafu wa udongo wenye magamba ya samaki kwenye kucha, akaushika, akashuka. Wakasimama watatu, wameshikana, Cibalonza katikati, wakakanyaga. Kisigino, vidole. Mwavuli ulibaki juu, umefunguka, ukimkinga kuku. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta akiwa na beseni kichwani, akawaona, akafanya ishara ya msalaba.

Wakakanyaga mpaka udongo wa kona ukaacha kulalamika. Maji yakaanza kukusanyika. Yakafunika vidole. Yakafunika vifundo vya miguu. Walisimama, wote watatu wakitazama chini, wakingoja yaondoke kama yale ya kwanza.

Hayakuondoka. Yalipanda.

"Yanakaa," Généreuse alinong'ona. "Yaya, yanakaa."

"Naona. Sina macho?" Lakini sauti ya Cibalonza ilikuwa imelainika, na kwa muda hakuwa hapo, alikuwa kando ya bwawa lingine, na baba yao ndani ya maji, tilapia akimrukia mikononi. Kisha akarudi. Akapangusa pua.

"Wewe," alimwambia Havugimana. "Wazee wako wamebaki wangapi?"

"Hakuna, mukubwa. Ni mimi njo muzee sasa."

"Na sisi ni mimi tu. Basi hakutakuwa watu wengi wa kukosana." Alivuta mguu toka kwenye udongo, akauweka tena. "Meli ya kesho nitaiacha iende. Utakuja kuomba muzuri, kwa mulango, na kofia yako. Tutakupikia. Chumvi natia mimi. Na kama kuna kitu huwezi kula, ufungue mudomo useme."

"Nitasema, mukubwa."

"Na ng'ombe umulete."

"Nitamuleta."

"Apite barabarani na miguu yake mwenyewe, kila mutu amuone," Cibalonza alisema, akimpa mdogo wake mkono wa huyo mwanaume, akaanza kupanda kutoka shimoni. "Asikuje ndani ya koti."